Chombo Hakirudi Kitupu

4 Februari

Kwako Bibi, mke mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Amepangiwa zamu za mchana kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na akirudi vidole vimekunjamana kana kwamba vimefuliwa pamoja na mashuka. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema "sasa" anapiga mluzi bila kutaka.

Mimi ndiyo hivyo. Shule mpya wanafundisha kwa ile lugha nyingine. Ninazijua zote mbili, wewe unajua, lakini nikiulizwa swali neno la huku na neno la kule yanagombania mlango mmoja, na hakuna linalotoka. Darasani wananiita Bubu. Si kwa ubaya sana.

Lakini nina habari. Nikitoka shule siku hizi najitolea kwenye jiko moja linalopika chakula na kuwapelekea wazee na wagonjwa majumbani, kama hao wanaokuletea wewe. Mpishi wetu tunamwita Jenerali, kwa sababu ya sauti. Akiomba kitunguu, jengo zima linatafuta kitunguu. Ana masharti mawili. Usimwachie mtu chakula mlangoni: mwone usoni, msalimie, ndipo umkabidhi. Na usipokee kitu chochote cha mteja, hata pipi. Hilo la pili ni rahisi. La kwanza ndilo linaloniua, maana linataka sauti. Jana nilisimama mbele ya mlango wa fundi cherehani mmoja mstaafu, sikugonga, sikuita, mpaka akafungua mwenyewe akitaka kutupa taka. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni mtu," akasema, "au umepigiliwa hapa na mwenye nyumba?"

Bibi, anayekuletea wewe chakula anakusalimia? Unakula vizuri? Na jiko hujaliwasha? Nisamehe kuuliza. Tangu tuhame nalikumbuka lile pazia likiwaka, na Mjomba akisema mbele yako kwamba ukiwasha gesi tena, hata ya kuchemsha maji, nyumba inafungwa na unahamia kwake, chumba cha watoto, kitanda cha juu. Kila nikikufikiria unapanda kile kingazi cha kitanda nashindwa kukaa kitini. Hata sasa naandika nimesimama.

Mke mdogo


19 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananiamsha kabla ya jogoo wa watu. Mume wetu hajambo pale ukutani. Nimemfuta vumbi, na bado anatazama dirishani. Hata kwenye picha mtu yule hapendi kunitazama ninapoongea. Mjomba wako alikuja Jumapili na wanawe. Walikula, wakavunja bilauri, wakaniambia nipumzike, wakaondoka.

Chakula kinafika mchana, hakichelewi. Anakileta kijana mmoja dereva, mpole, namwita Mchumba. Siku za mwanzo alikuwa na haya kama wewe. Sasa ananiita Mrembo, na akifika ghorofa ya tatu anahema kama mimi. Alipoanza kazi shati lilimpwaya utadhani limetundikwa msumarini. Siku hizi vifungo vinalia. Kazi imempenda.

Kuhusu sauti yako. Usitafute neno zuri. Mtu mwenye haya anasimama mlangoni anachagua maneno kama anayechagua nyanya, mwisho duka linafungwa. Sema "hodi" basi. Neno hilo lina kazi moja na linaijua. Litoke tu, mengine yatafuata lenyewe likishafungua njia.

Mwambie mama yako anitumie unga wa ngano, sukari na mafuta. Vile alivyotuma juzi vimekwisha, wageni ni wengi. Na mwandiko huu uliolala usikushangaze, kidole kinanisumbua kidogo. Uzee.

Mke mkubwa


5 Machi

Kwako mke mkubwa,

Shikamoo Bibi. Sisi wazima. Mama ametuma unga na sukari na mafuta kwa basi, Mjomba atakuletea. Alipokuwa anafunga mzigo alisema, "Mama yangu amefungua hoteli?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikueleze kwa nini. Jikoni kwetu vyombo vya jana vikirudi, Jenerali havioshi kwanza. Anavifungua kimoja kimoja na kutazama ndani. Anasema mtu akiulizwa kama amekula atajibu amekula, lakini chombo hakina adabu, kinasema kweli. Juzi alifungua cha yule fundi cherehani akakuta mayai mawili ya kuchemsha yamefungwa kwenye kitambaa. Nikadhani atafurahi. Akaita jina langu, lile la Bubu lililonifuata hata jikoni, mpaka sufuria zikatetemeka.

"Huyu mzee haoni vizuri, amekatazwa moto. Mayai yamechemkaje?"

Nikayatazama mayai.

"Anatushukuru," akasema, na sauti ikashuka, na Jenerali akishusha sauti ndipo watu wanaogopa. "Tunampelekea chakula asishike moto, na yeye anashika moto ili atushukuru."

Bibi, nilikaa juu ya ndoo. Nilikuona wewe. Nilikumbuka ulivyonituma kwa jirani, nikiwa mdogo, kumrudishia bakuli lake, nikafika nusu ya ngazi ukaniita nirudi, kwa sababu lilikuwa tupu. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu," ukasema, ukatia vikeki viwili, na vilikuwa vya mwisho. Nililia, nilikuwa navitaka mimi.

Unga. Sukari. Mafuta. Shati la Mchumba. Kidole.

Nilikuuliza kama umewasha jiko, ukanijibu kila kitu isipokuwa hilo. Nauliza tena, kwa heshima zote. Unawasha?

Mke mdogo


22 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mzigo umefika, mfuko wa sukari ulitoboka njiani na Mjomba wako sasa ana gari linalopendwa na sisimizi. Binti wa jirani wa chini amejifungua, mtoto ana sauti ya mnada. Ni hayo.

Sasa sikiliza. Mtu anapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, jasho linamtiririka, ananiwekea mkononi chakula cha moto. Kesho yake nimpe chombo kitupu? Mimi ni mtu au ni shimo? Huko kwenu mnasema "mteja". Mteja analipa. Mimi silipi. Basi mimi ni nani kwake? Sina jina lingine ila jirani, na jirani ana namna yake.

Ndiyo, nawasha. Moto mdogo, dirisha wazi, siendi mbali. Kidole kiliungua siku Mchumba alipowahi kufika, nikageuka kumwitikia hali kikaango kiko motoni. Mkono wa gauni nao ukashika moto. Nikauzima kwa maji ya kuoshea vyombo, mambo yakaisha. Yeye hajui chochote. Anadhani mimi ni bibi anayependa kupika, na hajakosea. Usimpe mzigo wa kujua.

Umeuliza, nimejibu, kwa sababu wewe sijawahi kukudanganya, nimekunyamazia tu. Lakini barua hii ni ya wake wawili. Mama yako si mke mwenzetu.

Mke mkubwa


7 Aprili

Bibi,

Nimemwambia Mama.

Nilitaka kuanza na salamu na habari za jino la mdogo wangu, nikaona ni kama kukufunika macho. Shikamoo. Nimemwambia.

Kidole ningeweza kunyamaza nacho. Mkono wa gauni umenishinda. Nalijua gauni lenyewe, lile la mikono mipana, nililala ndani ya mikono ile nikiwa na homa. Tangu nisome, sikai. Naanza hesabu, nasimama. Nafika jikoni, Jenerali ananipa rafu ya vyombo, nasahau nimetumwa wapi. Nilimpelekea mgonjwa wa shinikizo la damu chakula chenye chumvi na fundi cherehani kile kisicho na chumvi. Bahati nzuri fundi aliniita nikiwa bado kwenye ngazi: "Wewe mlango, rudi, hiki kimepikwa na daktari!"

Jioni ile tukawa mezani. Nikasema, "Mama, nina jambo. Ila uniahidi kwanza."

Mama akaacha kutafuna. "Una mimba?"

"Mama! Hapana."

"Basi naahidi chochote."

"Bibi asihamishwe."

Akaweka kijiko chini polepole. "Amewasha."

"Ahadi umeshatoa."

"Nimetoa kabla ya kujua!"

"Ndiyo maana niliiomba kabla."

Alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta chumba. "Umejifunza wapi kuongea hivi? Wewe usiyeweza kuomba chumvi mezani?" Nikamwambia yote, mpaka gauni. Alilia kidogo, akaingia chumbani kumpigia Mjomba, na nilimsikia akisema mara nyingi, "Nimeahidi. Nimesema nimeahidi." Wamekubaliana. Mtungi wa gesi utaondolewa, wewe utabaki. Alimradi uendelee kula.

Najua uliniomba. Sikusahau hata dakika moja uliniomba. Ningependelea unichukie ukiwa mzima, sentensi hii nimeifuta mara nyingi na kila mara inarudi vilevile.

Mke mdogo, kama bado


29 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Jino la mdogo wangu linachungulia.

Naenda kwenye sanduku la barua asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi, wakati posta inapita mara moja tu kwa siku. Mlinzi wa jengo ameniuliza kama nasubiri viza. Mjomba hapokei simu, au anapokea anasema yuko barabarani. Wewe simu huisikii, nami hata ungeisikia ningekata.

Andika hata matusi.

Mimi


8 Mei

Kwa Mwanafunzi,

Marahaba, moja kwa barua zote mbili.

Mjomba wako mzima. Mtoto wa chini anaendelea na mnada. Mtungi uliondoka begani kwa mjomba wako kama mbuzi wa wizi, na hakunitazama usoni wakati wa kushuka. Pamebaki duara jeupe sakafuni pale ulipokuwa. Nimelisugua, halitoki.

Kesho yake Mchumba alikuja. Nikampa chombo cha jana. Akakipima kwa mkono, kama alivyozoea, kikawa chepesi. Alitabasamu, akasema, "Hamna shida, Mrembo." Nimeishi miaka yote hii, nimezika mume, nimezika ndugu. Sikuwahi kuambiwa hamna shida na mtu niliyemrudishia chombo kitupu.

Tangu siku hiyo sipokei. Akigonga nafungua, nasema, "Mpelekee mwenye cha kurudisha." Anasimama na chakula chake mpaka kinapoa, anashuka nacho. Nakula mkate wa dukani na ndizi. Njaa si kitu kigeni kwangu, tunafahamiana.

Mjomba wako amepata habari. Anasema kama sili, ile ahadi ya mama yako haina miguu. Mwisho wa mwezi nitakuwa kitanda cha juu. Umeona sasa.

Mama wa mama yako


18 Mei

Kwako Bibi,

Shikamoo. Mama hajambo lakini halali, anakunja nguo ambazo tayari zimekunjwa. Mdogo wangu ana jino. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, nikaisoma jikoni, na Jenerali akaniona.

"Bubu, nani amekufa?"

Nikamwambia. Yote, mbele ya watu, huku mkono uko kwenye maji ya vyombo. Nilidhani atanipa pole. Badala yake alianza kunilalamikia mambo yake. Alisema amepika hapa muda mrefu na kila anayempelekea chakula anamjibu kitu kimoja: asante, kitamu. Siku aliyosahau chumvi kwenye sufuria nzima, asante, kitamu. Siku wali ulipoungua, asante, kitamu. "Wananiogopa," akasema, "au wananihurumia. Mpishi asiyeambiwa kitu anapika gizani. Ningempata mzee mmoja tu mwenye ulimi, mmoja, ningemlipa."

Bibi, mimi namjua mwenye ulimi. Ni wewe uliyesema kwenye harusi ya Mama, mbele ya wapishi, kwamba wali wao una huzuni. Ni wewe uliyerudisha mkate dukani na kumuuliza mwoka mikate kama ameachwa na mkewe, na kumbe ameachwa.

Chukua chakula, ukile. Kisha chukua karatasi uandike kweli, kweli yako ile isiyo na huruma, uitie ndani ya chombo. Hicho ndicho cha kumrudishia mpishi wa huko kwenu, naye bila shaka haambiwi kitu. Hakuna mwingine kwenye hiyo njia yote ya Mchumba aliye nacho. Na moto wake Mjomba hawezi kuubeba begani.

Fundi cherehani nilimwambia hodi. Kwa sauti. Akajibu kutoka ndani, "Kumbe mlango una mtu!" Nilitaka ujue. Huna haja ya kufurahi.

Mjukuu wako


2 Juni

Kwa Mwanafunzi,

Marahaba. Mwambie mama yako aache kukunja nguo, atazichosha. Hongera kwa jino.

Barua yako ilifika siku ambayo mjomba wako alikuja na mifuko mikubwa ya kutilia nguo zangu. Aliisimamisha hapo mlangoni, mitupu, ikiwa imefungua midomo. Nikamwambia ngoja nisome. Nikasoma mara mbili kwa sababu ya hasira na mara ya tatu kwa sababu ya wali wa harusi, maana ulikuwa na huzuni kweli. Mara mlango ukagongwa.

"Leo kiache," nikamwambia Mchumba.

"Kweli, Mrembo?"

"Kiache kabla sijabadili nia. Na usiondoke, chombo unarudi nacho leo leo."

Nikala mbele yao wote wawili, na mume wetu ukutani. Maharage na wali. Unajua, sikuwahi kukila chakula kile kwa makini. Siku zote nilikuwa nakimeza haraka nikifikiria cha kurudisha. Maharage yalikuwa ya hovyo! Nikafurahi, nakwambia kweli. Nikachukua karatasi, mjomba wako ameshika mifuko yake kama mtu aliyekosea nyumba, nikaandika:

"Maharage haya yalitolewa motoni na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Vitunguu vimeungua upande mmoja, upande wa pili vibichi. Wali hauna kosa, msiuguse."

Nikakunja, nikatia ndani, nikafunika. Mchumba akakipima mkononi. Kilikuwa chepesi kama siku ile, lakini nilimwona akikibeba kwa mikono miwili.

Siku ya tatu akaja mwanamume mwingine, mnene, ana kofia nyeupe, anahema. Hakusalimia.

"Ni wewe wa vitunguu?"

"Ni wewe uliyevichoma?"

Akanitazama. Nikamtazama. "Jiko letu lina upande mmoja mkali," akasema.

"Nilijua ni upande."

Akaomba maji. Akaomba kiti. Akasema tangu aanze kupika kwenye jiko la huku hajawahi kuambiwa kitu na mtu ila asante. Nikamwambia asante haina chumvi. Akacheka mpaka kiti kikalalamika, halafu akatoa mfukoni kimkebe cha supu ya kesho, nionje kabla haijawa ya watu wote. Ilitaka ndimu. Sasa kila jioni Mchumba anapanda tena na kimkebe, na magari yao hayatoki asubuhi mpaka karatasi yangu ifike. Mjomba wako alishuka na mifuko yake mitupu. Hiyo si vyombo vyangu, sina lawama.

Usidhani yamekwisha. Nyumba isiyo na moto inanuka kama duka la viatu. Asubuhi nanyoosha mkono kuwasha chai na mkono unakutana na hewa. Kidole kimepona kimepinda. Na wewe sijakusamehe. Njaa ndiyo iliyokusamehe, mimi bado.

Likizo njoo. Mjomba wako amekubali mtungi urudi siku utakazokuwepo. Utapika wewe, mimi nitakaa kwenye kiti nikuamrishe, na hutaomba kuonja mpaka chombo cha watu kijae. Unga ninao. Ukifika piga hodi kwa sauti, masikio yangu si ya zamani.

Mchumba ameanza kukonda. Hilo nalo ni lako.

Mke mkubwa